Ubao wa kupimia urefu wa fundi wa Mabatini, Mwanza: mwaka na nusu na mtoto wa figo, riviu yangu

Naanza na bei maana najua ndo swali la kwanza: elfu 45. Unaacha advansi elfu 20, inayobaki unamalizia siku ya kuchukua mzigo. Fundi alisema siku 3, mimi nimeupata siku ya 16. Wenye kuwajua mafundi seremala mnaelewa, ukipiga simu "dada hapa napiga msasa", unashuka Mabatini unakuta mbao imeegemezwa ukutani haijaguswa na kuku wanapita juu yake. Kwa hilo nyota moja nimeshaikata kabla hata sijaanza.

Sasa utauliza mtu mzima anaagiza ubao wa kupimia urefu wa nini wakati tepu za cherehani zimejaa mjini buku tu. Subiri, hapo ndo penye riviu yenyewe.

Mimi nauza mitumba ya watoto Mlango Mmoja, mwaka wa 9 huu. Nguo ya mtoto sihitaji lebo, nikimuona mama anakuja kamshika mwanae mkono nishajua huyu saizi gani. Ila wa kwangu mwenyewe ndo nikachelewa kumuona. Kijana wangu wa pili ana figo, yaani hivo ndo tunavosema mtaani, "ana figo", kama vile wengine hawana. Alizaliwa na kijingozi kimeziba njia ya mkojo, hii inawapata watoto wa kiume peke yao, mkojo ukawa hautoki vizuri unarudi nyuma kwenye figo, kuja kugundulika ana miezi 8, wakamzibua, ila figo zilishapata makovu na kovu la figo halifutiki. Basi tukawa watu wa kliniki, damu, mkojo, dawa, rudi baada ya miezi mitatu. Mimi niliyeishia fomu two saivi naongea kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, kama naongea bei ya belo.

Desemba moja natoa nguo za sikukuu nikakutana na jinzi niliyomchagulia Krismasi mbili nyuma, lebo yake miaka 4. Nikamvalisha kwa utani tu. Ikamkaa. Na alikuwa na miaka 6 na miezi miwili. Sio kwamba ameingia kwa kubanwa, imemkaa vizuri mpaka kisiginoni, kiuno sawa, kila kitu sawa. Nikakaa kitandani nikaishiwa maneno.

Kinachodanganya kwa hawa watoto ni kwamba hajakonda. Mashavu yapo, anacheza, ukimuona bila kuambiwa umri utasema mtoto wa miaka minne mwenye afya yake. Ukitaja umri ndo watu wanageuka. Wanawake wenzangu sokoni "huyo mbona hujamlisha", jirani "huo ni udumavu, wakati wa mimba hukula mboga", mama mkwe akasema ni ufupi wa upande wetu. Na kweli udumavu wa lishe upo nchini, ule utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kwahiyo mtu akiona mfupi akili yake inaenda moja kwa moja kwenye sahani ya mama. Hakuna aliyesema figo. Hata mimi sikusema figo.

Na hospitalini? Siitaji jina, ila niseme tu nilipokuwa nampeleka mwanzoni uzito walikuwa wanapima kila tunapokwenda bila kukosa. Urefu ulikuwa bahati nasibu. Kulikuwa na namba zimechorwa ukutani kwa maka peni, mtoto anasimamishwa na viatu vyake, nesi anaweka kitabu kichwani, "mia na tatu, mwingine". Nikaja kukusanya zile namba kwenye daftari lake: 103, 101, 104, 102. Ndani ya mwaka mmoja. Yaani mtoto anarefuka anafupika kama sketi ya lastiki. Kwa namba hizo hata daktari awe bingwa vipi ataona nini?

Ndo nikasema nitapima mwenyewe nyumbani. Na hapa nikapoteza pesa mara mbili kabla ya ubao.

Cha kwanza stika ya twiga ya kubandika ukutani, nilinunua Makoroboi elfu 8. Nzuri kwa kuangalia. Shida yake imeandikwa uanze kubandika sentimita 60 kutoka chini, mimi nimebandika kwa macho, na ukuta wenyewe chini una ule ukingo wa sementi umetokeza kwahiyo kisigino hakigusi ukuta. Halafu kona moja ikabanduka, twiga kainama. Nyota 1, na hiyo moja ni ya twiga. Cha pili tepu ya cherehani. Inavutika bhana! Ukiikaza unapata namba hii, ukiilegeza unapata ile, na mtoto ndo kwanza anacheka inamtekenya. Kwa kupima kiuno sawa, kwa kupima mtoto ambaye unatafuta tofauti ya sentimita moja na nusu ndani ya miezi sita, hapana.

Maana hiyo ndo hesabu yenyewe. Tulipopata daktari wa watoto anayejua mambo ya figo aliniambia kitu kimoja, mama, mtoto wa umri huu akiwa mzima anaongezeka kama senti 5 mpaka 6 kwa mwaka. Kwa nusu mwaka ni karibu 3. Sasa kifaa chako kikiwa kinakosea 2, umeshapoteza habari yote. Akanichorea mkao wa ubao kwenye karatasi ya dawa: kibao cha kusimamia chini, mbao wima nyuma, na kibao kidogo cha kuteremka juu kikae mraba kabisa na mbao, sio kimeinama. Ile karatasi ndo niliyopeleka Mabatini.

Kazi ya fundi sasa. Mbao ni paini (ya mninga alinitajia bei nikajifanya sijasikia), urefu senti 150, vanishi safi, kona kapiga skwea vizuri. Kibao cha juu kinateleza kwenye mfereji, ukikigandamiza kinakaa hapohapo. Futi ni ile ya chuma ya mafundi kaikata akaibandika kwa gundi na skrubu mbili ndogo, haivutiki hiyo. Kazi ya mkono nampa tano kwa tano.

Ila jamani. Siku ya kwanza nimempima kijana nikapata 103.4. Shangazi yake alikuwepo akapiga vigelegele, mtoto amerefuka! Mimi roho ikakataa maana jinzi ni ileile. Kesho yake nikaazima ule mti wa mita wanaopimia vitenge, jirani yangu pale sokoni anauza, nikausimamisha kwenye ubao nikateremsha kibao. 102. Mti wa mita unasoma 102! Kumbe fundi futi ameanza kuibandika kutoka chini kabisa ya mbao, sio kuanzia juu ya kile kibao cha kusimamia, na kile kibao kina unene wa senti 2. Kwahiyo kila mtu anayepanda pale anapewa senti 2 za bure. Nikaurudisha, fundi akabisha, nikamsimamishia mti wa mita mbele yake, akakaa kimya, akabandua akarudia bila kunidai. Kwahiyo nikatoa 2 tukaandika ya kwanza ya kweli: 101.4. Shangazi alinuna.

Ukiagiza wako, beba kitu unachokijua urefu wake ukaujaribie palepale. Usiondoke na mbao kwa sababu inang'aa.

Jinsi ya kupima, maana nako kuna watu nimewauzia wazo wakaja kulalamika. Viatu na soksi vitoke. Msichana mwenye mabutu fumua au tenganisha, rasta zinaongeza urefu wa uongo. Visigino, makalio, mabega na kisogo viguse mbao, macho yaangalie mbele usawa mmoja na tundu la sikio, asiinue kidevu, na hawa wanapenda kuinua kidevu ili waonekane wakubwa. Gandamiza nywele kidogo. Soma, mwambie ashuke, apande tena, mara tatu, uchukue ya katikati yake. Na saa iwe ileile, mimi nampima Jumamosi asubuhi kabla ya chai, kwasababu binadamu anapungua urefu mchana kutwa, uti wa mgongo unabonyea, ukipima leo asubuhi na baada ya miezi sita ukapima jioni utasema mtoto hajakua kumbe umechelewa kuamka wewe. Chini ya miaka 2 hasimami huyo, analazwa, ubao wake ni mwingine, na akilala anasoma mrefu zaidi kidogo, kama milimita 7, msizichanganye.

Na usipime kila siku! Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nampima asubuhi na jioni mpaka akawa ananikimbia. Daktari akanicheka, akasema mara moja kwa mwezi inatosha kabisa na uamuzi unafanyika kwa miezi sita.

Sasa kilichotokea. Miezi sita ya kwanza: 101.4 ikawa 103.0. Senti 1.6 tu. Nikaenda na daftari kliniki. Daktari akatoa grafu ya WHO, akaweka nukta mbili, mstari wa wavulana wa kawaida wa miaka 6 unapita kama 116, sisi tuko chini ya mstari wa mwisho kabisa na tunazidi kuuacha. Kwa mara ya kwanza kuna mtu alikuwa na namba mbili za kuaminika za mwanangu. Hakuongea habari za sahani yangu. Akaniambia figo haichuji uchafu tu, figo ndo inapunguza asidi kwenye damu, ndo inamalizia kuitengeneza vitamini D ifanye kazi, ndo inatoa ile homoni ya kuagiza damu mpya, na ndo inabalansi chumvi na maji. Ikichoka vyote hivyo vinalegea kwa pamoja na mwili ukiona hivyo unaacha kujenga, unalinda kilichopo. Na akasema wengi wanaanza kubaki nyuma wakiwa wachanga kabisa, miaka miwili ya mwanzo, ambayo kukua kunategemea chakula kuliko kitu kingine, na mtoto mwenye figo ndo anakuwa hana hamu ya kula na anatapika. Nikakumbuka. Wangu alikuwa anatapika hivohivo nikasema meno.

Vipimo vikarudi: asidi ya damu iko juu, yaani baikaboneti, ile inayozima asidi, imeshuka mpaka 17 na wao wanataka isishuke chini ya 22. Asidi ikikaa kwenye damu inakula mfupa na misuli na inaziba kukua. Dawa yake ni vidonge vya sodiamu baikaboneti, bei ya chini tu, sio kitu cha kuuza ng'ombe. Na hapa niseme kwa herufi kubwa, MAGADI YA KUPIKIA MBOGA SIO DAWA HII, kuna mtu aliniuliza mpaka nikashtuka, kipimo anatoa daktari kwa uzito na kwa damu ya mtoto.

Kingine kilichonishangaza ni chumvi. Mimi nilikuwa namnyima chumvi miaka yote maana kila mtu anasema mgonjwa wa figo asile chumvi. Kumbe wenye figo za aina yake, zilizoharibiwa na kuziba toka tumboni, wengi wanakojoa sana na chumvi inatoka na mkojo, wangu anakunywa maji kama ng'ombe wa Magu na usiku anaamka mara nne, mtoto wa hivyo ukimnyima chumvi na maji anadumaa zaidi. Akaandikiwa aongezewe. Ila mtoto wa jirani yetu kliniki, yeye anavimba na presha iko juu, amekatazwa kabisa. Ugonjwa jina moja, sahani mbili. Usimpe wako kwa kuiga wangu.

Na dagaa. Hapa kwetu ziwani kila mtu ana ushauri wa dagaa, mpe dagaa arefuke, mfupa mzima ule una kalsiamu. Kweli una kalsiamu, ila una na fosforasi, na figo ikichoka fosforasi haitoki, inalundikana kwenye damu na mifupa ndo inayolipa, mingine inapinda, matege yale. Sikukatazwa dagaa moja kwa moja, nimepangiwa kiasi, na kuna kidonge anatafuna pamoja na chakula kinashika fosforasi tumboni isipite, ukimpa saa nzima baada ya kula umempa bure. Sato anakula, kipande, sio mzima. Soda nyeusi ndo zimekwisha nyumbani kwangu, zina fosforasi na hazina faida. Nilidhani na nyama na mayai vitakatwa, daktari akasema hapana huyu ni mtoto anatakiwa ajengeke, usimpunguzie protini kwa kuogopa, kilichopungua kwake ni chakula chenyewe kwa ujumla. Nikawa naongeza mafuta kwenye wali, viazi naponda na mafuta, uji wa asubuhi nao hivohivo.

Miezi sita ya pili, kwenye ubao uleule, Jumamosi, kabla ya chai: 106.4. Senti 3.4. Nilirudia mara tano sio tatu. Nikaazima tena mti wa mita wa jirani nikahakikisha mbao haijahama. 106.4. Nilipiga simu Sengerema kwa mama yangu saa moja asubuhi, akadhani kuna msiba.

Bado yuko chini ya mstari, msinielewe vibaya, wenzake wa miaka 7 wako kwenye 122 huko na darasani anakaa mbele. Kuna hatua nyingine daktari ametutajia, sindano za homoni ya kukua, za kila siku chini ya ngozi, zimekuwa zikitumika kwa watoto wa figo toka miaka ya 90. Nikamuuliza kwani wangu hana hiyo homoni, akasema anayo, tena kwenye damu inaweza kuwa nyingi tu, tatizo ni mwili hausikii, ni kama mtu anapiga simu inaita na kuita ila huku wameiweka saileti. Sindano ndo kupiga kwa nguvu zaidi mpaka asikie. Lakini kwanza asidi, chumvi, chakula na mifupa viwe vimekaa sawa, na picha ya mkono ionyeshe mifupa bado ina nafasi ya kurefuka, ndo mtu anaongelea sindano. Bei yake sasa, mwe! Na inataka friji muda wote na umeme wetu mnaujua. Hatujaanza. Na kupandikizwa figo nako akasema sio kwamba kesho yake anafumuka kama mhindi wa masika, wengine wanafidia wengine hawafidii yote, na dawa za steroidi wanazotumia baadae nazo zinabana urefu.

Nirudi kwenye ubao, nina malalamiko. Masika mbao inavimba, kibao cha juu kinakwama mfereji, Aprili nilikuwa nakipakaa mshumaa ndo kishuke. Angeipiga vanishi na ndani ya mfereji isingekuwa hivyo, nimemwambia, kasema sawa dada, sijui kama alisikia. Mzito pia. Siku ya kuubeba nimepanda daladala ya Igoma konda akaniambia hiyo mbao ni abiria, ilipe. Nimeilipia nauli kamili, tena imesimama. Ungekuwa wa kukunja au wa kuchomoa vipande viwili ningeweza kwenda nao kliniki, saivi naenda na daftari tu. Zile za plastiki za kukunja nimeziona mtandaoni, bei zaidi ya mara tano ya hii kabla hujalipia usafiri.

Nyota 4. Moja ile ya siku 16. Senti 2 za bure na vanishi ya mfereji nimemsamehe kwasababu alirudia bila kunidai.

Anayeutaka: Mabatini, ulizia mafundi wa vitanda, mwambie ule ubao wa mama wa mitumba, anaujua. Saivi ameshatengeneza mwingine wa shule moja ya chekechea. Wa kulaza wachanga anasema anaweza ila mwambie mapema futi inaanzia wapi.

Kijana mwenyewe ndo mpimaji saivi, wageni wote wanapandishwa. Juzi bibi yake kaja toka Sengerema, kapandishwa, kagoma kuvua kilemba. Kijana akamwambia bibi hiyo ni ya uongo, sitaandika.